Kulwa na Doto wa Hong Kong

Picha imeisha, vijana wameshika mbavu kwa kicheko, mimi nimekaa nasonya. Si kwamba picha ni mbaya. Picha ni tamu, nimeitazama tangu enzi za mkanda na deki, na jana nimeitazama tena hapa kijiweni Kwihara, kwenye simu ya kijana wa bodaboda, watu sita tumebanana chini ya mwembe. Ni Twin Dragons ya Jackie Chan, ya mwaka 1992. Wengi hawaijui kwa jina hilo. Sema tu "ile ya Jackie Chan wawili", hata mama muuza karanga atakuelewa.

Kwa ambaye hajaiona: mapacha wanazaliwa Hong Kong mwaka 1965. Siku hiyohiyo, humohumo hospitalini, jambazi aliyekuwa mikononi mwa polisi anachoropoka, ananyakua kichanga mmoja awe ngao yake. Mtoto anapotea. Wazazi wanaondoka kwenda Marekani na yule aliyebaki, anakua na piano, anakuwa kiongozi wa okestra, tai shingoni. Mwenzake anaokotwa na mama mlevi, anakuwa fundi magari, mikono oili, hodari wa ngumi na usukani. Miaka inapita, mwenye tai anakuja Hong Kong kufanya onesho. Fundi naye siku hizo ameshajitia kwenye matata na genge la watu wabaya. Hapo sasa! Genge linamvaa mwanamuziki likidhani ni fundi, fundi anasukumwa jukwaani aongoze okestra na hajui hata kijiti kinashikwaje. Na miili yao imeunganika: mmoja akirushwa huku, mwingine anayumba kule mbele za watu.

Huku Unyamwezini picha hii inatugusa kuliko kwingine, nasema bila kusita. Sisi pacha hatumtafutii jina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wa kiume au wa kike, jina limeshamsubiri mlangoni. Kwa hiyo tulipoitazama mara ya kwanza, kwenye kibanda umiza mjini, jenereta likiunguruma nje na mabenchi yameinama kwa uzito wa watoto, ubishi haukuwa nani atashinda. Steringi hafi, hilo kila mtoto alilijua. Ubishi ulikuwa: nani Kulwa, nani Doto? Nakumbuka baba mmoja alikuja na wanawe wanne na mkewe amebeba wa mgongoni, wakajazana benchi moja. Picha za wakati ule ungeweza kuzitazama hata na mama mkwe. Lufufu na wenzake waliotafsiri picha kwa Kiswahili walikuwa wametuzoesha kuona kwamba Mchina naye anaweza kusema kama jirani yako, basi hata mkanda usio na tafsiri tulijitafsiria wenyewe, kwa sauti, kila benchi na maneno yake.

Jana ubishi umerudi. Vijana wanasema mwenye tai ndiye Kulwa, kwa kuwa ndiye aliyebaki na wazazi. Nikasonya. Ukulwa hauji kwa kubaki nyumbani! Mama alimzaa nani kwanza? Basi. Hata angeokotwa porini, hata angekua hajui jina la ukoo wake, Kulwa ni Kulwa.

Lakini msonyo wangu mkubwa niliuweka kwa lile genge. Majambazi wazima, na bunduki zao, picha nzima hakuna hata mmoja anayeuliza, "Wewe ni nani? Mtoto wa nani?" Sura wameiona, imetosha, kamata, pakia kwenye gari. Vijana wanachekea hapo, na watoto wacheke, ndiyo raha yake. Mimi siwezi tena, kwa sababu niliyaona hayohayo kwa macho yangu.

Mtaani kwetu wapo mapacha wa kiume. Kulwa alichukua mkopo, hii ya kausha damu, riba inapanda kabla hujafika nyumbani. Akashindwa, akaondoka kutafuta kazi. Wadai wakaja asubuhi, watatu, wakamkuta Doto hapahapa kijiweni anafuta pikipiki yake. Hawakusema mwangaluka, hawakusema shikamoo kwa wazee waliokaa. Mmoja akachomoa ufunguo. Doto anasema, "Mimi siye, mimi ni Doto," na yule anamwonesha picha ya mkopaji kwenye simu: "Hii sura ya nani?" Sura ilikuwa yake kweli. Ndevu zilezile, hata kovu dogo la nyusi, maana waliangukia jiwe moja utotoni wakigombea embe. Tulisimama wote tukapaza sauti. Pikipiki ikaenda. Ilimchukua wiki tatu kuirudisha, na kitambulisho cha taifa mkononi, na mwenyekiti wa mtaa pembeni yake. Wiki tatu hana mkate. Nani wa kumlipa siku zile?

Jana nilipoyataja hayo, mzee mmoja pale, wa kahawa, akatukumbusha kwamba Kwihara ni mahali pa zamani kwa mambo ya jina hili na mtu yule. Akanyoosha bakora kuelekea lile tembe la makumbusho. Bwana Stanley aliyekaa pale alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands. Mwaka 1871 akaingia vitani upande wa Waarabu wa Tabora kupigana na Mirambo, na Mirambo naye kwao alizaliwa Mtyela. Vita nzima ile, wanaume wawili, hakuna anayetumia jina alilopewa utotoni! Mwaka uliofuata Stanley akarudi kutoka Ujiji na Livingstone, wakakaa humo tembeni pamoja.

Kijana wa simu akasema, basi ni yaleyale ya kwenye picha. Mzee akakataa kwa kichwa. "Hao walijichagulia," akasema. "Kuna aliyetwaa jina lenye kutisha, kuna aliyetwaa jina la kumfungulia milango. Yule mtoto wa hospitali nani alimuuliza?"

Tukanyamaza. Mimi hapo ndipo nilipomwona yule mama wa kwenye picha kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote hii. Ana pacha mmoja nyumbani, miaka zaidi ya ishirini. Huku kwetu wangeendelea kumwita mama Kulwa, na kila akiitwa angesikia na la Doto ambalo halikutajwa.

Kijana alikuwa anarudisha picha nyuma, pale mapacha wanapokutana mara ya kwanza, wakati pikipiki iliposimama kando yetu. Mama muuza karanga akainua kichwa. "Kulwa, mwangaluka!"

"Mwangaluka, mama," akaitikia Doto, akaondoa ufunguo, akautia mfukoni.