Mheshimiwa Yuko Huru

Mheshimiwa mbunge anasema hafungamani na upande wowote. Mpeni pole. Desemba 2020, Rais Tshisekedi wa Kongo alipovunja ndoa yake na FCC, muungano wa rais wa zamani Kabila, wabunge chungu nzima waligundua ghafla kwamba hawakuwa wa mtu. Uhuru ule ulidumu kama bugali wa moto mbele ya wenye njaa: wiki chache tu, wengi walishajipanga ndani ya Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi; dhamiri imeongea, wanasema. Iliongea kwa sauti moja, siku zilezile!

Msukuma chukudu, ile skuta ya mbao, anayeteremka Goma kutoka Kibumba na mzigo wake hajawahi kutangaza uhuru. Anakanyaga kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, anapunguza mwendo. Sanamu ya rangi ya dhahabu pale mzungukoni Goma walimchongea yeye.