Mimi na Matumbaman

Nilipigwa mnadani. Naanza na hapo ili tusipotezeane muda.

Ilikuwa mnada wa Puge, jua la saa saba, vumbi la malori yanayotoka Tabora kwenda Nzega linatua juu ya kila kitu, hadi kwenye nyama choma yangu, ambayo nayo nilipunjwa. Nikapita kwa muuza mitumba. Nikaona jezi. Bluu iliyokolea, kitambaa kinateleza kama kambale, kifuani kichwa cha farasi. Sikuuliza ni ya timu gani. Mtu mzima ukiuliza hivyo unaonekana wa kuja. Nikasema buku mbili. Jamaa akasema buku tano. Tukavutana, nikaondoka kwa hasira, nikarudi bila kuitwa, nikatoa buku tatu. Nikaivaa palepale.

Kosa langu ni kwamba niliikagua mbele tu. Mgongoni sikuangalia. Mgongo nani anauangalia?

Nikaanza kutembea, nikasikia kicheko. Cha ajabu, kicheko kinaanza nikishapita. Nikigeuka, kimya. Nikitembea, kicheko. Nikadhani suruali imechanika, nikajipapasa, watu wakacheka zaidi. Mpaka nikafika kwa mama mmoja anayeuza matobolwa, vile viazi vikavu. Yeye hana siri. Akanigeuza kama gunia, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi kama yuko darasa la kwanza: MA-TU-MBA-MAN.

"Baba," akasema, "hilo tumbo umeamua kuliandikia kibao?"

Mzee wa kahawa akapinga. Akasema hapo hawajamaanisha matumbo, wamemaanisha mitumba, ila mwandishi amekosea herufi. Mwenye bodaboda akasema hapana, ni matumbo. Mjadala ukawaka. Mimi nimesimama katikati, nimegeuzwa mgongo, kama ubao wa shule. Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje. Mwisho wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Matumbo yakashinda.

Na tumbo ninalo, sikatai. Lakini si la hela. Ni la ugali.

Nyumbani mama watoto alisoma mara moja tu, akaweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka mboga ikaungua. Nikala ugali na mboga iliyoungua. Nikaambiwa ni kosa langu.

Jioni kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga, nikaenda kibanda umiza cha mpwa wangu. Nikasema gizani mgongo hausomeki. Kumbe kabla ya mechi watoto wanacheza gemu, na taa zinawaka. Dogo mmoja wa darasa la tano, miguu peku, kamasi zimekauka vizuri tu, akaniona. Akasimama. Akanipa shikamoo ya nguvu ambayo wanangu hawajawahi kunipa. Nikaitika marahaba, nikajisikia mtu.

"Mzee, kumbe wewe ni Liquid?"

Likwidi mimi naijua. Ni ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, inauzwa kwenye chupa zilizokwisha maji ya kunywa. Nikamjibu kwa heshima, nikasema ndiyo, tunatumia, ila mama watoto anapenda zaidi ya unga.

Kibanda kizima kikanyamaza. Hata feni ilikuwa kama imesita.

"Anko," mpwa wangu akasema taratibu, kama anayempa mgonjwa majibu ya vipimo, "kaa chini."

Nikakaa. Wakanifundisha. Watoto watano na mpwa mmoja, wote kwa pamoja, mimi natafuna matobolwa kwa aibu. Team Liquid ni timu ya magemu. Si timu ya gemu moja, wanasisitiza, ya magemu mengi. Hapo tu nikapotea. Simba ni mpira wa miguu, wanaume wana yao, wanawake wana Simba Queens, basi, mtu unalala. Hawa wana kikosi cha gemu la vita, kikosi cha gemu la uchawi, kikosi cha kupiga risasi, na kila kikosi kina ligi yake, kocha wake na ugomvi wake. Jezi moja. Farasi mmoja.

Ilianzishwa mwaka 2000 na Mholanzi mmoja, Victor Goossens. Mwanzo walikuwa genge tu la vijana wanaocheza StarCraft. Mwaka 2000 mimi nilikuwa nafukuza ng'ombe waliovamia shamba la tumbaku. Hakuna aliyenianzishia timu. Mwaka 2012 wakaingia Dota 2. Mwaka 2015 wakaungana na timu nyingine inaitwa Curse.

"Curse ndio nini?"

"Laana, anko."

Nikaacha kutafuna. Timu inaitwa Laana, na watu wazima wanasaini mikataba! Hapa Puge ukiita hata mbuzi jina hilo, wazee wanakuja kukuuliza. Na laana ilifanya kazi, msidhani. Wale jamaa wa Curse sifa yao kubwa kwenye ligi ya Marekani ya gemu la League of Legends ilikuwa kushika nafasi ya nne. Si ya mwisho ukaonewa huruma, si ya tatu ukapewa chochote. Ya nne. Wakahamia Liquid na mkosi wao begani, watu wakaendelea kuwacheka. Mpaka 2018 ndipo mkosi ulipogeuka. Wakabeba ubingwa wa Marekani Kaskazini mara nne mfululizo, misimu miwili mwaka huo, miwili mwaka 2019. Hata mkosi wao unajua hesabu za nne.

Mwaka 2019 huohuo kikosi chao cha Counter-Strike, kile cha risasi, kikachukua mashindano manne makubwa ndani ya siku 63, kikapewa zawadi ya dola milioni moja juu. Siku 63! Mimi siku 63 ni muda ambao fundi wangu anasema kesho.

Halafu walikuwa na mtu wa gemu la Super Smash Bros. anaitwa Hungrybox, yaani boksi lenye njaa. Hilo jina nilitaka kulinunua mimi. Huyu Aprili 2019 alishinda shindano huko Marekani, yuko pale anashangilia, mtazamaji akamrushia kaa. Kaa, yule wa baharini, mwenye magando. Nikauliza mara tatu kama nimesikia sawa. Hapa kwetu tungemrushia embe bovu, kaa Puge utamtoa wapi? Lakini nilimwelewa yule boksi kabisa. Kuna watu ukishinda wanakukasirikia zaidi kuliko ukishindwa. Mimi hawajawahi kunirushia kitu kwa sababu ya kushinda, nasimulia tu.

"Sasa huyu wa mgongoni," nikasema. Maana ndiye aliyenileta.

Watoto wakashusha sauti. Matumbaman ni mtu. Ni Mfini, jina lake Lasse Urpalainen. Kwenye Dota wanacheza watano kwa watano, kila upande una ngome yake, unalinda yako na kubomoa ya wenzio. Mwaka 2017 Liquid walikwenda Seattle kwenye The International, ambayo kwa Dota ndiyo Kombe la Dunia. Mapema tu wakafungwa, wakatupwa kule upande wa waliofungwa, ambako ukiteleza tena unakata tiketi ya kurudi kwenu. Wakapanda kutoka huko shimoni, mechi kwa mechi, mpaka fainali, wakawachapa Newbee wa China 3–0. Nahodha wao KuroKy, Mjerumani. Mmoja Mbulgaria, mmoja Mlebanoni, mmoja wa Jordan, na huyu wangu wa mgongoni.

"Walipewa nini?" nikauliza. Nilitegemea seti ya jezi na mpira mmoja.

Zaidi ya dola milioni 10.8. Mpwa akatoa simu, akapiga hesabu kwa shilingi za wakati ule. Bilioni 24 na chenji. Watu watano. Na walikuwa wamekaa! Nasema walikuwa wamekaa kwenye viti, kuna kiyoyozi, wamevaa visikio. Sisi Wanyamwezi ndio tulikuwa maprofesheno wa kwanza wa nchi hii. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, anatwishwa frasila mbili za pembe pale Tabora, anashuka nazo kwa miguu mpaka Bagamoyo, miezi inakatika. Mbele kirangozi, nyuma kijiji kizima kinachotembea. Huyo KuroKy nilimwelewa mara moja, ni kirangozi. Ila babu hakupewa bilioni. Alilipwa nguo. Merikani, jora la kitambaa cheupe. Yaani kuteswa kwa ukoo wetu na nguo za wageni hakukuanza na mimi.

Nikaanza kuvimba. Nikanyoosha mgongo ili jina lisomeke. Nikauliza, na leo bingwa wangu yuko wapi?

Dogo wa peku akaangalia chini. Juni 2019, akasema, walimtoa kwenye kikosi. Miezi miwili kabla ya The International nyingine. Wakaweka mtu mwingine, wakaenda Shanghai, wakafika fainali.

Hapo matobolwa yalinikwama kooni, si utani. Maana mimi nilikuwa beki wa kulia wa maveterani. Miaka sita. Wiki mbili kabla ya fainali ya Nane Nane, nahodha akaja nyumbani, akanywa chai yangu, akala viazi vyangu, akafuta mdomo, akasema kamati imeona nipumzike. Kupumzika! Mtu ambaye kila dakika ya kumi nilikuwa nakaa chini uwanjani, ningepumzika mara ngapi?

"Ikawaje bila yeye?"

"Wakafungwa. OG wakawapiga 3–1."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wenzake walifungwa bila yeye. Wenzangu walishinda bila mimi, wakapewa mbuzi, na mfupa sikuuona.

Kumbe Matumbaman alirudi. Mwishoni mwa 2021 Liquid wakamwita tena, 2022 wakaenda Singapore, wakashika nafasi ya tatu, akastaafu kwa heshima zake. Na Septemba 2024 Liquid wakabeba tena The International, mjini Copenhagen, 3–0, mbele ya Gaimin Gladiators waliowatesa kwenye fainali mwaka uliotangulia. Ila mtu wangu alikuwa ameshaondoka. Nikamhurumia. Kisha nikakumbuka bilioni 24 gawanya kwa tano, huruma ikakauka.

Dogo akaniletea kidude. Nikasema lete hiyo rimoti. Wakacheka. "Siyo rimoti, mzee, ni pedi." Nikaangalia pembeni kama kuna wanawake wamesikia. Tukacheza mpira. Kidole gumba changu ni cha jembe, kinaziba vitufe vitatu kwa mpigo, nikitaka kupasi mchezaji wangu anaruka kichwa peke yake katikati ya uwanja. Kipa wangu alitoka, akatembea, sijui alikuwa anakwenda wapi. Tisa bila. Mbili kati ya hizo nilijifunga mwenyewe, na moja nilishangilia.

Nikalipa jero. Nikasema labda gemu la kupigana, na nipeni huyo binti wa karanga, ili nijifariji. Binti akashusha sinia la karanga kichwani, akajifuta mikono. Mpwa akaninong'oneza nisidharau, Kenya yupo Sylvia Gathoni, wanamwita QueenArrow, mwaka 2018 timu ya UYU ya Marekani ilimsajili kwa ajili ya Tekken hii hii huku anasomea sheria. Nikasema huyu hasomei sheria, anauza karanga. Alinipiga teke la kwanza kabla sijajua mimi ni yupi kati ya wawili kwenye skrini. La pili nilikuwa bado nauliza. Sekunde kama ishirini, nimelala chali, mtu wangu anahema. Jero nyingine. Kisha akaniuzia karanga.

Mechi ya Simba na Yanga yenyewe umeme ulikatika dakika ya nane. Kiingilio hakikurudishwa, na hapo ni kwa mpwa wangu wa damu.

Mnada uliofuata niliamka mapema. Nikamfuata yule wa mitumba, nikamwambia nipe jezi isiyo na jina, nimechoka kutembea na tumbo la mtu mgongoni. Safari hii nikaikagua mbele, nyuma, mikononi, hadi ndani. Safi. Hakuna Matumba, hakuna farasi, kifuani herufi mbili tu. Nikamuuliza hii je, ni nzima?

"Mzee wangu, kwako siwezi kudanganya," akasema, ameshika moyo. "Hii ni OG kabisa. Si unaona imeandikwa?"

Nikaona. OG, orijino. Nikampa ile ya farasi na buku mbili juu, nikaivaa palepale. Nikapita mnadani kichwa juu, hakuna aliyecheka. Yule mama wa matobolwa alinigeuza, akakosa cha kusoma, akaniachia. Nikasema leo nimeshinda. Nikapita makusudi mbele ya kibanda umiza, polepole, kifua mbele.

Gemu likasimama. Yule dogo wa peku akaja mlangoni, akanitazama kifuani, machozi yakaanza kumlengalenga. Safari hii hakuna shikamoo.

"Mzee," akasema, "umehamia kwa waliotufunga Shanghai?"