Huku Kuna Wingu, Tata

Kwa miaka mingi mimi na mama yangu tuliishi kwa amani, na sababu ya amani hiyo ilikuwa mtandao mbovu.

Mimi niko Mwanza. Mama yuko kwenye vilima vya Tarime, si mbali na Sirari, mahali ambapo simu haina hakika ni raia wa nchi gani. Unaweza kuwa jikoni unasonga ugali, simu ikatetemeka kukuarifu kwamba umekaribishwa Kenya. Hujavuka hata kijito. Mwiko uko Tanzania, simu iko ng'ambo, na salio limepotelea mpakani. Kuna siku mama hukaribishwa Kenya mara tatu, na hajawahi kupewa hata kikombe cha chai.

Hali hiyo ilinifaa. Mchango wa harusi ya binamu ukiwa mzito, nilinyamaza siku mbili, kisha nikaandika: "Samahani wapendwa, mtandao ulikuwa unasumbua." Ni uongo, lakini ni uongo wa heshima. Kila mtu anao wa kwake, na hakuna anayekagua wa mwenzake. Mama naye alikuwa nao. Nikimuuliza kama amekunywa dawa za presha, ananijibu, "Nakusikia kwa mbali, tata," kisha kimya. Huniita tata, yaani baba, kwa kuwa nimerithi jina la babu. Hata akinigombeza, ananigombeza kwa adabu.

Upande wa Serengeti, shangazi alikuwa na hali ngumu zaidi. Wilaya yake si ngeni kwa intaneti: miaka ya 2000, tume ya sayansi COSTECH, taasisi ya teknolojia DIT na chuo cha KTH cha Stockholm waliendesha mradi wa majaribio wa mtandao wa kasi katika wilaya za Serengeti na Bunda. Lakini majaribio hayo hayakufika kwa shangazi. Kijiji chake kinapakana na hifadhi, na mtandao wake uko juu ya kichuguu, hatua kama mia mbili kutoka nyumbani. Siku moja nilimtafuta tangu asubuhi. Alipopatikana jioni alisema, "Unisamehe, mwanangu. Tembo walikuwa kwenye mtandao." Nikakosa la kujibu. Katika visingizio vyote nilivyowahi kutumia, hakuna hata kimoja chenye pembe za ndovu.

Kilichoniamsha ni homa. Mama aliugua Jumanne, nikapata habari Ijumaa, tena kwa dereva wa bodaboda aliyedhani najua. Nilijua pia kwamba Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni habari njema. Ila kwetu vilima vimepangana kama watoto wanaopigwa picha ya shule: mnara ukisimama, wa mbele anauona na wa nyuma anaona kisogo cha wa mbele. Mama yuko mstari wa nyuma. Nikaamua kutazama juu, ambako hakuna kilima: intaneti ya setilaiti.

Habari zikamfikia binamu yangu wa Sirari kabla sijatoa hata shilingi.

"Mura, unahangaika nini? Wenzetu wa Kenya wana Starlink tangu Julai 2023. Dishi lenyewe kama sinia la pilau! Usiku mmoja tu, nalivusha chini ya mikungu ya ndizi."

Huo ulikuwa mwaka 2024. Nikamweleza kwamba huduma hiyo ilikuwa haijapewa leseni Tanzania, na mimi mtumishi wa umma mwenye mkopo wa benki sitaki kwenda kujieleza polisi kwa ajili ya sinia. Alinitazama kama mtu aliyekataa nyama kwa sababu hakuonyeshwa ng'ombe.

Basi nikanunua dishi la njia halali, kwa wakala mwenye kibali. Tofauti yake na la Starlink nilikuja kuielewa baadaye, kwa maumivu. Setilaiti za Starlink ni maelfu, na zinakimbia chini chini, kilomita mia tano hivi kutoka ardhini. Ya kwetu ni moja, imeegeshwa juu ya mstari wa Ikweta umbali wa kilomita 35,786, inazunguka sambamba na dunia hivyo huonekana kama imesimama. Gharama, kwa hesabu za nyumbani, ilikuwa mitamba wawili: mmoja wa dishi na ruta, mwingine wa sola, betri na fundi.

Fundi alifika kwa bodaboda, dishi amelibeba mgongoni kama kobe. Kwa kuwa sisi tuko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa Ikweta, na setilaiti yetu haikuwa mbali na utosi, dishi lilitakiwa kutazama juu kama kuku anayemeza maji. Likahitaji mahali peupe. Mbele ya nyumba kuna mparachichi. Fundi alipougusa tu, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mti huu umesomesha watoto wawili. Hiyo intaneti yako imesomesha nani?"

Nyuma ya nyumba kuna kaburi la babu, na hapo hakuna aliyethubutu hata kuuliza. Pakabaki zizini. Fundi akachimbia nguzo katikati ya zizi, akazungusha dishi huku na huku akisikiliza kifaa chake kilivyolia, na saa kumi jioni intaneti ikashuka kutoka mbinguni hadi kwenye samadi.

Nywila niliichagua mwenyewe: ng'ombe2024. Nilitaka mama asiisahau. Sikujua kwamba nimeweka mtihani wa taifa.

Vijana walikuja jioni hiyo hiyo. Waliandika ngombe, wakakataliwa. Wakaandika ngo'mbe, wakakataliwa. Wengine waliandika n'gombe kwa kujiamini kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, aliketi kwenye kigoda mlangoni pa zizi akawatazama kwa furaha ambayo hajawahi kuionyesha tangu astaafu. "Ng'ombe bila ritifaa mahali pake si ng'ombe," alisema, "ni kelele." Yeye mwenyewe aliingia mara ya kwanza. Kwa siku nne, walionufaika na teknolojia ya anga za juu pale kijijini walikuwa ni wale tu wanaojua tahajia.

Siku ya tano kijana mmoja alifaulu, akawanong'oneza wenzake. Kifurushi nilichokadiria kuwa cha mwezi kilikwisha kwa siku mbili. Simu za kijiji kizima, zilizokuwa na njaa ya miaka, zilikaa zizini usiku kucha zikisasisha programu zao. Nikampigia mama kulalamika.

"Si ulisema haina waya?" aliuliza.

"Haina."

"Basi ni hewa. Nitamnyimaje mtu hewa?"

Nikanunua kifurushi kingine. Siku yake ya tatu, mtandao ukakatika kabisa. Fundi akauliza kwa simu swali moja tu: "Nani kaligusa dishi?" Watoto wote walikana kwa viapo. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeifumbua kesi: alikuta manyoya meusi yamenasa kwenye boliti ya nguzo, usawa wa nundu. Fahali alikuwa amepata mahali pa kujikunia.

"Amelisogeza kidogo sana," nikamtetea.

Fundi akacheka. Kwa umbali ule, alisema, ukikosea kwa nyuzi moja tu hapa chini, huko juu umeikosa setilaiti kwa kilomita zaidi ya 600. Yaani fahali wetu alijikuna mara moja Tarime, na dishi likaanza kutafuta mtandao kwenye anga tupu. Nikalipa nauli ya fundi, na miiba ya kuzungushia nguzo. Fahali alihuzunika kuliko sisi sote.

Kisha tukaanza kuzungumza kwa video, na hapo ndipo nilipoujua umbali kwa kuusikia. Neno la mama hupanda kilomita karibu 36,000, hushuka 36,000 nyingine hadi kituo cha ardhini, ndipo linitafute Mwanza. Ni karibu mara mbili ya mzingo wa dunia, ili niulizwe kama nimekula. Jibu langu nalo hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kati ya swali na jibu hupita nusu sekunde na zaidi, na kwetu nusu sekunde ni muda mrefu.

"Shikamoo, mama." Kimya. Nadhani hajasikia. "Shikamoo!" Wakati huohuo: "Marahaba." Naye anasikia ya pili: "Marahaba tena, mbona unaniamkia kama unaniogopa?"

Hayo yalikuwa madogo. Hatari ilikuwa kwenye hela.

"Tata, mdogo wako anahitaji ada."

"Sawa, mama."

Lakini kabla "sawa" yangu haijashuka, alikuwa ameshauona uso wangu umetulia na mdomo umefungwa, ushahidi kamili wa mtoto mchoyo. "Naona umefikiria kwanza," alisema kwa huzuni. Nikamweleza habari za setilaiti, za mwendo wa mawimbi, za Ikweta. Alinisikiliza hadi mwisho. "Baba yako naye," akasema, "alikuwa na maelezo marefu hivyo hivyo."

Sikatai kwamba dishi lina faida. Sasa naona pakiti ya dawa kwa macho yangu na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Shangazi alipokuja kutembea alikaa zizini saa tatu nzima akiongea na mwanawe, akigeuka nyuma kila mara kuangalia tembo, kwa mazoea tu. Na mama akipata homa, najua kabla haijapanda.

Ila nilipotengeneza njia ya kumfikia mama, nilisahau kwamba njia ina ncha mbili. Michango sasa inanifikia saa kumi na mbili asubuhi ikiwa na picha ya bibi harusi. Wiki ya kwanza nilijaribu silaha yangu ya zamani: "Mama, mtandao ulikuwa unasumbua."

"Wa huko mjini?" Akanionea huruma kweli. "Wa kwetu uko salama. Nimwambie fundi akuletee dishi?"

Masika ilipoingia, ndipo nilipopata unafuu. Mawingu ya mchana yakikusanyika juu ya Tarime na mvua ya ngurumo ikashuka, matone huyameza mawimbi ya setilaiti, na intaneti hukatika hadi anga lifunguke. Nikawa msikilizaji mwaminifu wa utabiri wa hali ya hewa. Wakitaja mvua kubwa mkoani Mara, wenzangu ofisini hufikiria mahindi yangu. Mimi hufikiria kamati ya harusi.

Sikuwa peke yangu niliyeigundua neema hiyo. Juzi saa saba mchana nilimpigia mama kwa video, nikamuuliza, "Dawa za asubuhi umekunywa?"

"Huku kuna wingu, tata," alisema upesi. "Mtandao unakatika."

Nyuma yake jua lilikuwa linapasua mawe. Mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai, na fahali amejibana kwenye kivuli cha mparachichi. Mama akaganda. Mdomo nusu wazi, macho hayapepesi, mkono umesimama hewani, picha kamili ya simu iliyokwama. Nikasubiri. Nyuma yake kuku akapita taratibu na vifaranga wake, akadonoa punje mbili za mahindi, akaendelea na safari. Fahali akapunga mkia. Mama hakutikisika.

Aliganda vizuri sana. Alikuwa amejifunza kwa mtu mzoefu.

Nikakata simu. Jioni nikamwandikia: "Pole na wingu, mama."