Mbwa Ana Saluni, Mimi Nina Maswali

Naomba nianze na bei, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Fedha anayotozwa mbwa mdogo kwa kuogeshwa na kupunguzwa manyoya katika zile saluni za mitaa yenye mageti marefu, hapa Dar es Salaam, ingeninyoa mimi kwa kinyozi wangu wa Magomeni mpaka Pasaka, ndevu zikiwemo, na chenji ya soda ikabaki. Na mimi sipuliziwi manukato ya lavenda. Napakwa spiriti kisogoni, nakunja uso, nalipa, naondoka.

Kwetu Tukuyu mbwa aliogeshwa na mvua, na mvua ya Tukuyu haimbembelezi mtu. Akitaka kukauka alitafuta jua mwenyewe. Lakini huyu wa sasa si wa kwetu. Binti yangu Neema alipoanza kupata mshahara alimleta nyumbani kambeba kwapani: Shih Tzu, pua bapa, miguu mifupi, jina Bruno. Jina la bondia, umbo la mto wa kochi. Manyoya ya mbwa wa aina hii, na ya Maltese na poodle vilevile, hayafiki mahali yakakoma. Yanarefuka tu. Usipoyapunguza yanashonana, yanavuta ngozi, na humo ndani kupe wanahamia na familia zao. Kwa hiyo saluni kwake si anasa, ni lazima, na hilo nimelikubali kwa shingo upande. Ninachogoma kukubali ni kulipa bei ile halafu nikiuliza swali naonekana mkorofi.

Pale mapokezi hakuna dosari. Kiyoyozi kinanguruma taratibu, kuna sofa jeupe (mwenye akili gani anaweka sofa jeupe kwenye biashara ya mbwa?), na ukutani picha ya mbwa aliyevaa miwani ya jua. Binti wa mapokezi ana adabu zake. "Shikamoo baba. Bruno leo tumpe shampuu ya nazi au ya lavenda?" Nikaitika marahaba, kisha nikamuuliza kama anataka kuona kadi ya chanjo.

"Aa, baba, sisi tunakuamini."

Jamani. Benki haijawahi kuniamini. Mangi wa dukani kwetu kaandika ukutani kwamba mkopo ni kesho, na hiyo kesho haijafika tangu nihamie mtaa huu. Leo saluni inaniamini kwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea, kwa mbwa au kwa binadamu, kupona ni muujiza! Na kama wameniamini mimi, basi wamemwamini pia yule bwana aliyekaa pembeni yangu na libwa lake la kulinda geti, linalomnusa Bruno sehemu zisizotajika. Kikohozi cha mbwa hupita hewani. Virusi vya parvo hukaa sakafuni miezi na miezi, na maji ya sabuni ya kawaida hayavitishi. Saluni isiyotaka kadi yangu haikutaka ya mtu mwingine yeyote. Ningefurahi sana kama wangenirudisha nyumbani kuifuata.

Nikaomba kuona chumba cha nyuma. Hapo tabasamu likapungua. Eti wateja hawaingii. Nikamwambia mimi si mteja, mteja ni Bruno, mimi ni baba yake mdogo. Akakosa jibu, nikapita.

Nyuma kule kiyoyozi hakifiki. Kuna meza ya chuma iliyotandikwa mpira usioteleza, pembeni yake nguzo yenye mkono, na mkononi kunaning'inia kitanzi kinachovishwa shingoni ili mbwa asiruke. Sina ugomvi na kitanzi. Mkasi ukiwa karibu na jicho, mbwa lazima atulizwe. Ugomvi wangu ni na simu. Kijana aliyekuwa akimtengeneza poodle mmoja mweupe alipigiwa, akaibana kati ya sikio na bega, "Niambie kaka," akageuka, akatoka uani kutafuta mtandao. Poodle kaachwa juu ya meza, peke yake, na kitanzi chake shingoni. Akasogea kumfuata. Mguu wa nyuma ukafika ukingoni, kucha zikakwaruza chuma, kamba ikakaza. Nikamdaka kifuani. Maji ya nazi yote yakahamia kwenye shati langu la kuendea ibadani.

Mbwa akiruka mezani na kitanzi kikiwa shingoni, amejinyonga, na dakika chache zinatosha. Ndiyo maana anayejua kazi mkono wake mmoja hautoki mwilini mwa mbwa. Akiitwa, anamteremsha kwanza, ndipo anakwenda. Kijana aliporudi akanikuta nimemkumbatia mbwa nisiyemjua hata jina. Akasema, "Mzee usiwe na wasi, huyu ameshazoea."

Amezoea nini? Kunyongwa?

Haya, tufike kwenye kukausha, ambako ndiko hasa usingizi unakonipaa. Kuna draya ya kushika mkononi, hiyo haina neno, mtu yupo na mbwa yupo. Ipo pia ile ya kumweka mbwa kizimbani, ukaelekeza hewa ya moto mlangoni, ukaenda kunywa chai. Binadamu akikaa kwenye draya na kichwa kikaanza kuungua atapiga kelele, saluni nzima itasikia, na jioni mtaa mzima. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni kidogo, liko kwenye nyayo. Joto analipunguza kwa kuhema ulimi nje, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuhema hakumsaidii kitu. Sasa mchukue huyo Bruno, ambaye kwa pua ile hata akiwa amelala anakoroma kumshinda babu yangu. Mweke kizimbani, mwezi wa Februari, Dar es Salaam, joto limepita nyuzi 30 na hewa imejaa mvuke wa bahari, halafu mwongezee moto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likivuka 41, ubongo na figo viko hatarini. Mbwa wamekufa hivyo saluni, katika nchi zilizoendelea, mchana kweupe.

Nikauliza: draya hii ina kipima muda? Nikaambiwa inayo, ila imeharibika. Nani anakaa hapa wakati inawaka? Kimya. Umeme ukikatika, feni zikazima na vizimba vimefungwa, mnafanyaje? "Tunasubiri, mzee." Wanasubiri!

Msinielewe vibaya mkadhani haya ni ya kwetu tu. Marekani, ambako mtu hashiki mkasi wa kumnyoa binadamu kwa malipo bila leseni ya jimbo, anayemnyoa mbwa hakuna jimbo linalomdai leseni. Kule New Jersey kuna muswada uliopewa jina la Bijou, Shih Tzu aliyepelekwa saluni akafia huko. Umewasilishwa zaidi ya mara moja, na kila mara unaishia njiani. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na ni sheria nzuri. Lakini sheria haiwezi kumshikia kijana simu.

Jirani yangu, mzee wa makamo aliyezaliwa Kilwa, kwa imani yake mbwa hamgusi na tunaheshimiana hivyo. Nilimsimulia haya tukiwa kijiweni, akakuna ndevu, akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwake: "Ile mashine ikitoka kwa mbwa huyu kwenda kwa yule, wanaipaka spiriti?" Nikanyamaza. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anayajua mapunye, na anajua yalikuja kwa mashine ya nani. Mbwa nao wana yao, fangasi wa jamii hiyohiyo, wanaambukizana wao kwa wao na wanatuambukiza na sisi. Kinyozi wangu wa Magomeni, mwenye kibanda cha mabati na redio inayokoroma, husafisha mashine nikimwangalia. Kule kwenye sofa jeupe sikuiona hata chupa.

Na mashine hiyohiyo ikifanya kazi muda mrefu chuma chake kinapata moto. Fundi mzuri huigusisha kwenye mkono wake kila mara kabla ya kuirudisha tumboni kwa mbwa, ambako ngozi ni laini. Manyoya yaliyoshonana hakati kwa mkasi, kwa sababu ngozi huwa imevutwa juu pamoja nayo na hutaona unapoikata. Kwenye kucha, hasa nyeusi, anakata kidogo kidogo, maana katikati kuna nyama yenye mshipa. Damu ikitoka kwa bahati mbaya, konfloa ya jikoni inaizuia. Hayo ni mambo ya kawaida kabisa, ukimuuliza mtu wa kazi atakueleza kwa raha. Ila akikuambia mbwa wako msumbufu atampa kidonge cha usingizi, mnyanyue mbwa wako uondoke. Dawa ya usingizi ni kazi ya daktari wa mifugo, anayempima uzito na moyo kwanza. Kwa hawa pua bapa hata daktari huenda kwa tahadhari.

Nimwache Bruno kidogo, maana kuna jambo linanikera ambalo hata halinihusu. Nyie mnaopeleka mbwa wa German shepherd na husky kunyolewa kipara eti wanasikia joto, nani aliwatuma? Wale wana manyoya ya tabaka mbili. La juu linawakinga na jua, la chini linapaswa kuchanwa litoke. Ukinyoa yote umemvua mwavuli, na mengine hayarudi yalivyokuwa. Mtu analipa fedha nzuri kumtoa mbwa wake akiwa mwanakondoo aliyekoswakoswa na kisu.

Nyumbani sasa lawama ni zangu. Mama Neema anasema namwaibisha. Neema anasema saluni tatu zinanijua kwa sauti. Ya mwisho, nilipopiga kuuliza kama mbwa anakaushwa kwa mkono au kizimbani, nilisikia kabisa mtu akinong'ona, "Ni yule mzee." Ndiyo, ni yule mzee. Na yule mzee bado hajajibiwa.

Kwa hiyo wewe mwenye mbwa, usione haya. Wapigie kabla hujaenda, uulize habari ya draya na nani hukaa na mbwa. Waambie mapema kama wako ni mzee, ana moyo mbovu au anauma, na uwaachie namba ya daktari wake. Omba kuona chumba cha nyuma. Ukinyimwa, mwogeshe mwenyewe uani kwa karai na shampuu ya mbwa, mkaushe kwa taulo, na manyoya yasubiri mpaka upate fundi anayekuonyesha meza yake. Na enyi wenye saluni, kipima muda cha draya ni cha kutengenezwa leo. Lile sofa lingeweza kusubiri.

Halafu bei ipunguzwe.