Yah: Kuhamisha Bima Kutoka Gari Lililouzwa Kwenda Gari Lililonunuliwa

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Bima (jina nimelihifadhi, mwenyewe unajijua),
Iringa.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Mbeya. Nina bima kubwa iliyo hai kabisa ya gari ambalo si langu, na nina gari langu halali ambalo halina bima hata ya kuazima. Naandika kuwapongeza, maana kumfikisha mtu mmoja kwenye hali zote mbili kwa wakati mmoja kunahitaji wataalamu.

Nieleze kwa ufupi kwa faida ya wasomaji. Nilikata bima ya IST nikiwa bado naishi Iringa. Gari tulilithaminisha milioni 10, mkanitoza asilimia 3.5, mkaongeza VAT, nikalipa shilingi 413,000 na risiti ninayo. Bima ikiwa na miezi minne nikahamishiwa Mbeya kikazi. Barabara ya kwetu Isyesye wakati wa masika inataka gari lililonyanyuka, kwa hiyo nikamuuzia IST kijana mmoja wa Vwawa, nikanunua RAV4 ya mkononi kwa milioni 18. Wakili akashuhudia mikataba, TRA wakabadilisha umiliki, kadi zikatoka. Watu wote walioguswa na jambo hili, hadi muosha magari wa Mwanjelwa, wanafahamu kwamba nimebadilisha gari. Mmebaki ninyi.

Nilianzia tawi lenu la Mbeya. Walinipokea vizuri, sina lawama. Nilipewa kiti na maji ya kunywa. Kijana wa kaunta akaingiza namba ya mkataba, akaitazama kompyuta kama daktari anayetafuta namna ya kuanza, kisha akasema, "Mzee, hii bima ni ya Iringa." Nikamuuliza kama mfumo si mmoja nchi nzima. Akasema mfumo ni mmoja, ila tawi lililokata ndilo linalorekebisha. Sikujua kwamba bima nayo ina kwao.

Basi niende Iringa. Lakini kwa gari gani? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hairuhusu chombo kuingia barabarani bila angalau bima ndogo, na siku hizi trafiki hahitaji kukodolea macho kioo cha mbele: anaandika namba ya gari kwenye simu, mfumo wa taarifa za bima, TIRA-MIS, unamjibu papo hapo. Namba ya RAV4 yangu ikiulizwa, mfumo unanyamaza. Ningeweza kukata bima ndogo ya 118,000 ili nisafiri kwenda kuomba bima kubwa niliyokwisha kuilipia, lakini hata ukarimu una mipaka. Nikaliacha gari uani, nikapanda basi. Chimala nikanunua mchele, Makambako nikavaa koti, Ipogolo nikashuka na kupanda daladala ya kupandisha mjini. Yote hayo ili nibadilishe herufi na tarakimu chache kwenye kompyuta ambayo, kwa maelezo yenu wenyewe, iko Dar es Salaam.

Sasa nataka usome kwa makini mazungumzo yangu na dada wa dawati la magari, kwa sababu nadhani hujawahi kuyasikia yakisemwa mfululizo. Alikuwa anabana nakala za kadi yangu kwa stepla isiyo na pini, anabonyeza, inatoa mlio, karatasi zinaachana, anabonyeza tena. Nilimwambia nimekuja kuhamishia bima yangu kwenye gari jipya.

"Kaka, bima haihami. Bima inafuata gari."

"Kwa hiyo kijana aliyenunua IST yangu ana bima?"

"Hapana. Bima ni ya mtu. Mkataba ni kati yetu na wewe."

"Vizuri. Na mimi ndiye huyu nimekuja."

"Ndiyo, lakini gari halipo."

Ndugu Meneja, nimekaa na maneno hayo na nimeyakubali. Nimeelewa kwamba bima ni ya gari pale mtu anapoidai, na ni ya mtu pale gari linapoidai. Mwenye gari la kale hana haki kwa kuwa si mimi. Mimi sina haki kwa kuwa sina gari la kale. Katikati hapo imebaki miezi minane iliyolipiwa, na ninaona mmejitolea kuilea.

Nikauliza: basi nivunje mkataba, mnirudishie ya miezi minane? Hapo nikaonyeshwa jedwali. Kwa hesabu za darasa la nne, miezi minane kati ya 12 ni theluthi mbili, yaani kama 233,000 katika ile ada ya 350,000 kabla ya VAT. Kwenye jedwali lenu la muda mfupi, miezi minne niliyotumia inahesabika nusu mwaka, narudishiwa 175,000. Na gari jipya nililipie mwaka mzima upya, 743,400 pamoja na VAT, pesa taslimu kabla ya bima kuanza, kwa sababu kwenye kulipa mwezi wenu una siku 30 kama wa watu wengine.

Na punguzo la kutodai? Miaka yote niliyokaa nanyi sijawahi kuwadai hata kioo cha pembeni. Dada akasema punguzo limekwenda na IST. Yaani upole wangu barabarani ulikuwa wa gari. Nampongeza kijana wa Vwawa, amenunua gari lenye tabia njema.

Utani pembeni kidogo. Kijana huyo anakuja Mbeya mara kwa mara, na akirudi kwao anashuka mteremko wa Iwambi, ambao mimi na wewe tunajua umeshaua watu wangapi. Trafiki akiuliza namba ya IST, mfumo unamwambia bima ipo, safari njema. Siku ikitokea ajali, Mungu aepushie mbali, mtafungua faili na kugundua kwamba mliyemkatia bima aliliuza gari, hana tena maslahi ya kibima, na dereva hamumtambui. Aliyegongwa atakuwa Hospitali ya Rufaa anasubiri ninyi mmalize kusoma. Nilikuja mwenyewe kuwaambia gari si langu, kwa miguu yangu, na nimeandikiwa nisubiri "mrejesho kutoka makao makuu". Kanuni yenu kubwa mnaiita nia njema kabisa. Mteja akificha jambo, mkataba unakufa. Akilileta mezani, mnamwambia njoo kesho.

Wapo watakaosema ndivyo bima ilivyo. Sivyo. Kampuni nyingine hapa hapa nchini hufanya mabadiliko ya mkataba kwa karatasi moja inayoambatishwa kwenye ule wa awali: gari hili limetoka, hili limeingia, tofauti ya ada ni hii. Uingereza mtu humaliza jambo hilo kwa simu, ingawa kampuni za huko nazo zina tabia ya kumchomekea ada ya usumbufu, kwa hiyo msidhani nawasifia Wazungu. Sisi tulikaa takriban miaka 30 na shirika moja la umma, mpaka Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungulia kampuni binafsi mlango. Tuliahidiwa ushindani. Nauona: kila kampuni ina kalenda ya ukutani nzuri kuliko ya mwenzake.

Ombi langu basi. Ada ya mwaka ya milioni 18 ni 630,000, ya milioni 10 ilikuwa 350,000. Tofauti ni 280,000. Kwa miezi minane iliyobaki ni kama 187,000, na ukiweka VAT haizidi 221,000. Hela hiyo ninayo leo. Ifuteni namba ya IST, andikeni ya RAV4, mnitumie namba ya malipo. Kama mnaona kazi ni kubwa, ofisi ya kanda ya TIRA, wasimamizi wenu, iko hapa hapa Mbeya, naweza kwenda kwa bajaji; siku hiyo sitawauliza ninyi bima yangu ni ya wapi.

Naambatanisha nakala ya kadi zote mbili, mkataba wa mauziano, na pakiti moja ya pini za stepla.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja.

Nakala: Kamishna wa Bima, TIRA, Dodoma (kwa taarifa). Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (akae tayari). Kijana wa Vwawa (akate bima yake, na hadi atakapoikata ashuke Iwambi taratibu).