YAH: OMBI LA HUNDI ZA BATI

Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Tuzo,

Nawashukuru kwa tuzo ya mwasilishaji bora wa utafiti, mliyonipa kwa vipindi vyangu vya redio kuhusu ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo. Mgeni rasmi alinikabidhi hundi ndefu kuliko mimi, tukaishika wote wawili, tukatabasamu mpaka wapiga picha wakaridhika. Hundi ninayo. Fedha ndiyo bado "iko kwenye mchakato".

Najua si mimi tu. Kila msimu washindi hupanda jukwaani mikono mitupu, hushuka na ubao. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba kuanzia mwakani hundi zichapishwe kwenye bati. Geji 28, tafadhali; la geji 32 hukunjika hata kabla ya mgeni rasmi kumaliza hotuba. Urefu futi 10. Nembo za wafadhili ziwe upande wa chini, mshindi akilala chali awasome mmoja mmoja. Tarakimu ziwe upande wa juu, mvua izihesabu sifuri. Wa kwanza apewe la rangi, la migongo mipana. Wa pili la kawaida. Wa tatu apewe kofia ya paa. Ule mfuko wa kalamu na shajara utiwe misumari. Mtafiti akishinda mara nne ana banda la kuku. Profesa mwenye bidii atastaafu na nyumba.

Hotuba nazo zipungue. Na nauli itolewe siku ileile.

Kuna Ig Nobel, tuzo za utani zilizoanzia Marekani mwaka 1991. Kwa miaka kadhaa mshindi alipewa noti ya dola trilioni 10 za Zimbabwe, isiyonunua hata andazi. Lakini alipewa palepale, mkononi. Na wale wanatania!

Hata mwanafunzi Erasto Mpemba, aliposema maziwa ya moto ya aiskrimu yaliganda kabla ya yaliyopoa, darasani walimcheka. Walimcheka tu, hawakumpiga picha na hundi.

Fedha ile nilikuwa nimeipangia kazi: kulipia muda wa hewani kabla ya msimu wa kupanda, kuwaambia watu wasichukue vipando kwenye shamba lenye ugonjwa, hata kama majani yanapendeza. Msimu ukapita. Wamepanda vilevile, watang'oa mizizi iliyooza. Nyinyi mna picha. Mnatuchezea, na mnajua mnatuchezea.

Samahani, waheshimiwa, kalamu imeteleza. Naendelea kusubiri kwa heshima zote.

Nakala nimempelekea mgeni rasmi, pamoja na mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwetu. Huyu aliikataa hundi yenu, ila aliipima kwa futi akasema kwa dari inafaa.