Jinsi ya Kuokoa Bei ya Glovu

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba wa Meru au Embu anayejua hesabu: mwenye kahawa kule Runyenjes, muguka pale Siakago, au miraa ya Igembe aliyorithi kwa babu yake. Glovu, gambuti na barakoa ni gharama. Kibarua hana gharama. Huyu akichoka, kesho asubuhi wengine watano wako barabarani na majembe yao.

Tuanze na pampu ya kunyunyizia dawa ya wadudu. Chukua ile kuukuu ya lita 20 yenye kifuniko kinachovuja. Kibarua akipanda nayo mteremko wa kahawa, dawa itamchuruzika mgongoni polepole, na jua la saa sita asilisikie. Nozeli ikiziba, aitoe, aipanguze kwa shati, aipulize kwa mdomo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, wakatema mate kidogo na kuendelea na hadithi pale walipoiachia. Dawa aikoroge kwa mkono. Kijiti hupotea, mkono haupotei.

Karatasi ya chupa isikusumbue. Ule ukanda wa rangi chini yake una maana, na mwekundu ndio wa sumu kali kuliko zote. Lakini ukipimiwa dawa kwenye chupa ya soda, ukanda unabaki dukani, na wasiwasi nao unabaki huko huko. Muguka ulionyunyiziwa Jumatatu uchumwe Jumatano. Mlaji haoshi, wala haulizi.

Kibarua akianza kutokwa na machozi na udenda, macho yakaingia ukungu na misuli ikamchezacheza, mpe pakiti ya maziwa. Kila kijiji kinajua maziwa huosha sumu. Taabu ni kwamba dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati hupenya kwenye ngozi na kuvuruga neva, na maziwa hayafiki huko. Hospitalini hudungwa atropini. Ila hospitali ni nauli, na tulishakubaliana kuhusu gharama.

Kwenye miraa, ngazi ya nini? Mti mkongwe ni ngazi tosha, na alfajiri gome lake limelowa umande. Mpandishe kijana miguu mitupu akachume vile vichipukizi vya nchani. Ndivyo vyenye pesa, na Mungu amependa viote pale tawi linapokuwa jembamba kama kidole. Mharakishe, maana miraa ya juzi haina mnunuzi. Akianguka, mwambie "pole, baite," kisha ufunge mzigo kwa majani ya mgomba kabla haujanyauka na umpe dereva wa pikapu ya Nairobi. (Dereva huyo anahitaji mwongozo wake peke yake, na mwandishi mwenye moyo kuliko mimi.)

 

Jambo moja la mwisho: usisome sheria. Kuna ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga. Kuna na ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inayotaka uwe na bima na uripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Hiyo ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu na yenyewe inajua hesabu. Anayekufa au kulemaa kabisa kazini hukadiriwa fidia ya mapato ya miezi 96. Tuseme unamlipa kibarua wako shilingi 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni 13,000. Mara 96, ni shilingi 1,248,000.

Glovu za mpira zinauzwa agroveti, rafu ile ile ya dawa.